Ua la Kwenye Mafiga

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya babu zenu, hiyo ni juzi tu. Nasema zamani ambayo hapakuwa na mtu wa kuisimulia, ua moja lilidondoka kwenye tope la mto. Kando yake akafia dinosaria, mnyama mkubwa kuliko nyumba. Tope likawafunika wote wawili, likakauka, likawa jiwe. Wakalala humo.

Hata walipokuja watu kupiga kambi kwenye korongo moja la bonde la Rukwa, walikuja kutafuta mifupa. Mkubwa wao alikuwa Daktari Tusekile, mtaalamu wa viumbe vya kale. Mchimbaji wake hodari alikuwa Simtowe. Mpishi alikuwa mama wa makamo, jina lake Nakazwe, ila kambini hakuna aliyemwita hivyo. Walimwita Mama Tamali, kwa jina la binti yake wa pekee aliyefariki angali mdogo. Kwao jina la marehemu haliachwi lipotee, hurithishwa mtoto mwingine wa ukoo. Lakini ukoo wa Mama Tamali ulikuwa umekwisha, na mtoto wa kurithi hakuwapo. Jambo hilo lilimuuma, wala hakulificha.

Siku walipoanza kazi Daktari Tusekile aliwaambia watu wake, "Atakayeokota kitu kisichopata kuonekana, kitaitwa kwa jina atakalo yeye." Wakapiga makofi. Ahadi ni deni, hilo mnalijua. Ila hakuna aliyeuliza kuokota ni nini.

Simtowe akachimba. Akaufikia mfupa wa paja la yule mnyama, na juu yake pamelala bamba la jiwe. Akalikata kwa patasi, akalitupa kwenye rundo la makapi. Ndivyo walivyokiita kila kisicho mfupa: makapi. Daktari mwenyewe alilipita rundo lile asubuhi na jioni, wala hakuinama.

Mama Tamali akainama. Figa lake moja lilikuwa linayumba, basi akaenda kwenye makapi, akalichagua bamba lile, akalitia jikoni. Akalipikia ugali, wakala wote, na Daktari akaomba ukoko. Hata siku moja jiwe likapasuka kwa moto, likafunguka, na ndani yake pakaonekana ua, petali zake zimepangana vizuri kabisa. Mama Tamali hakungoja koleo. Alitia mikono motoni akavitoa vipande vyote, na viganja vikaungua.

Daktari Tusekile alipoonyeshwa alifurahi, kisha akahuzunika. Alisema ua lililoishi na dinosaria ni jambo kubwa, lakini jiwe lisilojulikana lilikotoka ni bubu, haliwezi kusema ni la zamani ipi. Hapo Simtowe akatazama ukingo wa jiwe, akaijua alama ya patasi yake. Mvua zilikuwa zimeanza na kuta za korongo zinaporomoka. Alipotaka kushuka kuonyesha lilikotoka, wenzake wakamkataza. Akashuka, akavipachika vile vipande juu ya mfupa, vikakaa kama kifuniko na chungu chake, na Daktari akapiga picha kutoka juu. Kisha ukuta ukaanguka. Walimfukua yu hai, jiwe kifuani, mguu umevunjika vibaya. Kazi ya kuchimba akaiaga siku hiyo.

Ikawa zamu ya Daktari Tusekile. Alilipeleka jiwe mjini, wakubwa wake wakalicheka. Huyu akasema ni doa, yule akasema ni jani lililojikunja. Akaiacha mifupa iliyompa sifa, akainamia hadubini, akalilinganisha ua lile na kila ua la mawe lililojulikana, mpaka marafiki wakamwona amerukwa na akili. Mwisho wale wakubwa wakakubali: ni ua, halijapata kuonekana, na lilichanua siku za dinosaria. Wakamwambia ataje jina. Jina moja tu, na likishatajwa halibadilishwi.

Akarudi bondeni, akawaita wenzake wawili, akawakumbusha ahadi.

Simtowe akaanza. "Mama Tamali, wewe uliokota figa, hukuokota ua. Lililotoka ardhini nililitoa mimi, na lililorudishwa lilikotoka nililirudisha mimi. Liitwe jina langu, wanangu wajue mguu wa baba yao uliendea nini."

Mama Tamali akamjibu kwa upole. "Baba, wewe ulilitupa. Kitu kikitupwa na mmoja kikainuliwa na mwingine, huko si kuokota? Mimi nililiinua kwenye makapi, nikaliinua tena kwenye moto."

Daktari naye hakujificha nyuma ya ukubwa wake. Alisema kosa ni la wote: mmoja alitupa, mmoja alichoma, yeye alipita bila kuinama. "Lakini mtu akishika kitu asichokijua, ameokota nini? Bila mimi lingekuwa jiwe lenye doa hadi leo." Kisha akamtazama yule mama, moyo ukamlainika. "Hata hivyo, mama, kwa msiba wako, nitakuachia. Liitwe Tamali."

Mama Tamali akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Sitaki sadaka, mwanangu. Jina la binti yangu haliombewi. Kama niliokota mimi, liite Tamali. Kama sikuokota, lipe jina jingine, nami nitanyamaza. Nikifa, jina la Tamali litakufa nami."

Simtowe akasema naye hivyohivyo: mguu wake usitiwe kwenye mizani, kitazamwe alichofanya. Daktari Tusekile naye alitaka liitwe kwa jina lake mwenyewe, na alijua kwamba alilifanyia kazi.

Basi nanyi msimpe mtu kwa kumhurumia, mmesikia wenyewe wamekataa. Ua ni moja, jina ni moja, na wao ni watatu. Je, nani aliliokota?