Mgeni wa Njia Panda

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa bado wanafunga milango na kuposa kwa wazazi, mimi nilikuwepo. Msinikodolee macho. Nilikuwepo, nimekaa juu ya jiwe, na yote nitakayowaambia niliyaona kwa macho haya haya. Vitabuni hamtayakuta, maana waandika vitabu siku ile walichelewa kuamka.

Basi palikuwa na bonde liitwalo Kikwata. Juu kidogo, kwenye nyumba ya mawe, aliishi Pimbi na mkewe Bi Chonge na watoto wao. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, mkia hana, lakini maneno anayo ya kuwatosha wanyama watatu wenye mikia.

Siku moja ya gulio, Bi Chonge alirudi na chungu chake cha uji. Akakitua chini, tuu.

"Leo umeuza, mke wangu?" Pimbi akauliza.

"Nimeuza sana. Kwa nzi."

"Pole, mama."

"Pole haichemki, Baba Kijino. Nisikilize. Kaka yangu kule Ng'ambo ana chumba kitupu. Gulio lijalo nikirudi na uji chunguni, nachukua watoto nahama. Wewe baki hapa, upikiwe na haya mawe yako."

Pimbi alicheka, kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. Mkewe hakuwa na utani.

Gulio la Kikwata lilikuwa limekufa kwa sababu bonde zima halikuwa na fundi hata mmoja. Kitanda kikivunjika, mwenyewe analala chini. Paa likivuja, mwenyewe anahamisha mkeka. Na mahali pasipo na kitu cha kununua, nani apite kunywa uji?

Mafundi nao hawakuja kwa sababu ya desturi ya maji. Wanakikwata walishika kwamba anayempa mgeni maji ya kwanza ndiye mwenye mgeni, na akishakuwa mgeni wako, kazi yake yote ni yako. Walioishika desturi hiyo kwa meno ni wakubwa watatu: Mzee Tembo mwenye msitu, Mama Kiboko mwenye mto, na Mjomba Nyati mwenye uwanda.

Fundi wa mwisho kufika alikuwa Kigong'ota, yule ndege seremala wa mdomo kama patasi. Alikunywa kwa Tembo, Tembo akasema, "Huyu wangu."

"Wako wapi?" Kiboko akadakia. "Asubuhi alinawa uso mtoni kwangu. Tone lilimwingia mdomoni, nililiona."

"Na umande wa nyasi zangu alioukanyaga?" Nyati akauliza. "Umande si maji?"

Wakamshika. Huyu bawa hili, huyu bawa lile, huyu mkia. Chwaa, fundi akachomoka, akarudi Ng'ambo manyoya pungufu. Huko akawasimulia mafundi wote, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuvuka kilima.

Pimbi alijikuna pale ambapo mkia ungekuwa. Alipomaliza kujikuna, akapanda kilima mpaka Ng'ambo, akamkuta Kigong'ota anatoboa mlango wa mtu. Ko-ko-ko-ko.

"Fundi, kwetu kuna kazi tele. Vitanda vyote vimelala chali."

"Vilale tu," Kigong'ota akasema bila kugeuka. "Nikifika, mwenyeji wangu nani?"

"Wote."

"Wote ndio walioninyonyoa. Ndugu yangu, siku mtakapokuwa na mahali pa kufikia ambapo si pa mtu mmoja, nitafikiria kuja."

"Tukiwaomba wale watatu wapajenge pamoja?"

Kigong'ota aliacha kugonga ili apate nafasi ya kucheka. "Siku hiyo nami nitaota meno."

Pimbi akateremka kilima mikono mitupu. Lakini njiani kichwa chake kilikuwa kinachemka kuliko chungu cha mkewe. Pamoja hawatajenga, akawaza. Je, kila mmoja peke yake?

Alianzia kwa Tembo.

"Hodi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Niko huku chini, Mzee. Angalia kushoto kwa ukucha."

"Aa, kumbe wewe, kidude. Umeleta nini?"

"Habari, Mzee. Kigong'ota anarudi, na mafundi wenzake nyuma. Watapita pale Njia Panda penye gulio. Sasa fundi wa heshima hanywi maji mkononi mwa mtu, anakunywa kwenye hori. Mwenye hori ndiye mwenye mgeni. Ukichonga gogo moja zuri ukaliweka pale, na ukamfyekea njia kutoka kilimani, nani atakunyang'anya?"

Tembo akatikisa masikio. "Na maji ya kutia humo horini?"

"Mzee, mkubwa kama wewe ukose maji? Yatakuja yenyewe. Ila usimwambie mtu. Kiboko akisikia, ataharibu."

"Yule mwanamke ana roho mbaya," Tembo akasema, na jioni hiyo hiyo msitu ukaanza kulia kraa, puu, kraa, puu.

Kutoka hapo Pimbi akashuka mtoni. Mama Kiboko alikuwa ameloa mpaka shingoni, akijipaka mafuta usoni.

"Mama, unang'aa."

"Najua. Sema shida yako, mwanangu."

"Mafundi wanakuja. Watapumzika Njia Panda, na wewe unajua desturi yetu: mgeni ni wa mwenye maji. Ukichimba mfereji kutoka hapa mpaka pale, watakunywa maji ya nani?"

"Yangu." Kiboko akatabasamu, meno yakajaa mto mzima. "Na yakifika pale yatakaa wapi? Yasije yakamwagika bure."

"Kuna mjinga mmoja mwenye pua ndefu kakuchongea hori. Anadhani ni lake."

Kiboko alicheka mpaka samaki wakahama. "Maskini. Nisimwambie?"

"Usimwambie mtu, Mama."

Na kwa Nyati akasema hivi: "Mjomba, maji si kitu. Mgeni akifika jua kali, kwanza anatafuta nini? Kivuli. Anayemkalisha kivulini ndiye anayempokea. Pale Njia Panda pajengwe banda."

"Mimi ni mtu wa pembe, si mtu wa kujenga," Nyati akasema.

"Na miti iliyoangushwa pale njiani? Wewe inyanyue kwa pembe uisimamishe tu, kisha usage sakafu kwa kwato. Hawa wengine wanahangaika, Mjomba, wewe unamalizia."

"Kumbe wananifanyia kazi?"

"Unavyoona."

Nyati akakoroma kwa furaha.

Basi kila mmoja akaja kwa saa yake. Alfajiri Kiboko analima mfereji kwa taya, chwata, chwata. Mchana yeye kajizamisha mtoni, Nyati anasimamisha nguzo na kukanyaga udongo, du, du, du. Jioni Nyati kaenda malishoni, Tembo anafyeka. Na kila mmoja akifika akakuta kazi ya mwenzake imesogea, anajicheka kimoyomoyo: tazama wapumbavu wanavyonijengea.

Pimbi kazi yake ilikuwa kupita na kusifu.

Siku ya gulio ikafika, na Pimbi hakuwa na mgeni hata mmoja. Fundi alikuwa amemkatalia kabisa, nanyi mnakumbuka. Nyumbani Bi Chonge alikuwa tayari amefunga vikapu vya watoto kwa kamba, kisha akajitwika chungu cha uji. "Cha mwisho hiki, Baba Kijino," akasema. Pimbi akamfuata.

Njia Panda walikuta kizaazaa.

"Unafanya nini kwenye hori langu?" Tembo anauliza.

"Lako la wapi, na limejaa maji yangu?" Kiboko anajibu.

"Nyote tokeni bandani kwangu," Nyati anasema, na anapiga kwato chini.

Wakatazamana. Tembo akaangalia mfereji, akaangalia banda, akaangalia njia yake pana aliyoifyeka. Taratibu, kama jiwe linalogeuka, akili zikawafunguka wote watatu.

"Wewe, nani alikwambia uchimbe?"

"Pimbi. Na wewe uchonge?"

"Pimbi."

"Na mimi Pimbi," Nyati akasema.

Vichwa vitatu vikageuka. Bi Chonge akanong'ona, "Mume wangu, umefanya nini?" Mkonga ukashuka, ukamnyanyua Pimbi juu, miguu yake ikaning'inia hewani.

"Mgeni yuko wapi?" Tembo akauliza kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo mbaya.

Pimbi akaelekeza kidole kilimani. "Yuko nyuma ya kilima, Mzee. Anangoja kusikia nani mwenyeji. Sasa nyie mnanong'onezana kama maharusi, atajuaje? Angesikia sauti moja imezishinda nyingine, angekuja moja kwa moja."

Watatu wakafikiri. Kufikiri kwao hakukuchukua muda.

"Mbuuuuu! Wangu!" Tembo akapiga mkonga, Pimbi akaruka zake akaangukia paani, kwenye fito na matawi aliyotupia Nyati.

"Hoh-hoh-hoh! Wangu mimi!"

"Mwaaa! Tokeni!"

Jamani, ardhi ilitetemeka. Mimi mwenyewe jiwe lilinitoka matakoni. Kelele zikapanda kilima, zikateremka upande wa pili, zikaingia Ng'ambo mlango kwa mlango.

Nanyi mnajua ugomvi ulivyo. Harusi mtu anaweza kuikosa, ugomvi haukosi. Mafundi wakaacha kazi walivyokuwa. Mnana, yule ndege msusi, akaja na ukindu mdomoni. Nyuki wakaja kundi zima na mizinga iliyofika nusu. Kinyonga, fundi wa kupaka rangi, naye akaanza safari, akafika mwezi uliofuata akiuliza nani kashinda. Wote wakapita ile njia pana ya Tembo, hakuna mwiba, hakuna kisiki, wakashangaa ilianza lini.

Wakafika Njia Panda koo zimekauka. Wakaingia kivulini. Wakainamia hori.

Nyuma ya wote akaja Kigong'ota, akatua juu ya nguzo ya pembeni ya banda, tayari kuruka. Akaitazama nguzo. Ilikuwa imeinama. Akageuza shingo huku, akageuza kule. Fundi na kitu kilichopinda ni taabu tupu. Akavumilia, akavumilia, mwisho akashindwa. Ko-ko-ko-ko. Alipomaliza kuinyoosha alikuwa na kiu, akashuka, akanywa.

Kelele zikakoma. Watatu wakamzunguka.

"Kanywa kwenye hori langu," Tembo akasema.

"Maji yangu."

"Kivulini kwangu."

Kigong'ota akakunja mabawa kwa hofu, na Pimbi akapaza sauti kutoka juu ya fito. "Wazee wangu, neno moja. Mwenye mgeni amchukue. Lakini achukue na chake aondoke nacho."

"Hilo jepesi," Kiboko akasema. "Maji ni yangu, nayafunga." Akaenda akaketi katikati ya mfereji, pwata. Maji yakasimama nyuma yake. Horini yakashuka, yakashuka, ukabaki unyevu.

Mnana akaokota ukindu wake. Nyuki wakaanza kupanda juu. Mmoja akasema, "Ugomvi umekwisha na maji hakuna, turudini." Njia ikaanza kujaa migongo.

Bi Chonge, ambaye alikuwa ameshauza vibuyu kadhaa vya uji, akasimama na upawa mkononi akiwatazama wakiondoka.

"Mama Kiboko, nyanyuka," Tembo akasema.

"Sinyanyuki."

"Nyanyuka, dada yangu," Nyati akabembeleza. "Kitanda changu kimevunjika tangu mvua za mwaka juzi. Nalala chini kama ng'ombe."

"Na paa langu linavuja," Tembo akasema polepole. "Nilikuwa nawaficha."

Kiboko akatazama mafundi wanavyotokomea. Kumbe na yeye mlango wake ulikuwa umelala, anaufungua kwa kuunyanyua kila asubuhi. Akaguna. Akanyanyuka. Maji yakaja mbio, yakajaa horini, yakamwagika pembeni, na waliokuwa wanaondoka wakasikia wakageuka.

"Basi mimi mgeni wa nani?" Kigong'ota akauliza.

Tembo akaangalia hori, akaangalia maji, akaangalia kivuli.

"Wa Njia Panda," Tembo akasema mwishowe, na hakuna aliyembishia.

"Na kazi yangu ya nani?"

"Ya anayekulipa," Bi Chonge akajibu kabla ya wakubwa hawajafungua midomo. "Anza na kigoda changu."

Siku hiyo hiyo Mnana akaanza kuezeka banda vizuri. Nyuki wakatundika mizinga msituni kwa Tembo, naye akawa anakwepa matawi yao kwa adabu. Walionunua asali walitaka vibuyu, wenye vibuyu walitaka mikeka, na wote walitaka uji. Chungu cha Bi Chonge kilikwisha kabla ya jua kusogea. Akakigonga chini kwa upawa, ngo, ngo, akamwita mumewe.

"Baba Kijino, shuka huko. Nenda nyumbani ukafungue vile vikapu, kisha ulete unga mwingine."

"Na kaka yako?"

"Mwambie chumba apangishe."

Pimbi alishuka, ila kwa upande ule ambao Tembo hakuwepo. Hakuwa na haja ya kuogopa. Tembo alikuwa kwenye foleni ya Kigong'ota, nyuma ya Kiboko, na Nyati alikuwa akicheza lelemama mbele ya banda na leso kiunoni.

Basi, watoto, mafundi huja mahali palipoandaliwa na wote, hawaji kwa mkubwa anayewavuta mabawa.

Yote hayo niliyaona. Isipokuwa lelemama ya Nyati, hiyo nimeitia mwenyewe. Leso alikuwa nayo.