Fundi Umeme na Saa ya Chuma

Nitegeeni sikio kidogo, wapendwa, kabla hatujasimama kuimba. Palikuwa na fundi umeme mmoja, mtu mzima mwenye familia, hodari wa kazi yake. Ni nyumba ngapi mjini zinawaka taa kwa mkono wake, hata yeye mwenyewe hajui. Sasa saa yake ikafa, na fundi wa namna ile hawezi kukaa bila saa. Akiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika waya na mwingine umeshika koleo, simu ataitoa mfukoni kwa mkono upi? Basi akaenda dukani kutafuta saa ya kazi.

Duka lilikuwa la mama mmoja aliyeijua biashara yake. Fundi alipoingia, mama akamtazama, akatoa kabatini saa nyeusi yenye mkanda wa raba na namba kubwa za kusomeka hata penye giza. Akaiweka mezani, kisha akauliza kama alivyomuuliza kila mteja, "Karibu, baba. Huo mkono utakaovaa saa unafanya kazi gani?"

Swali jepesi, si ndiyo? Lakini dukani alikuwemo bwana mmoja, suti imenyooka, viatu vinang'aa, anajaribu saa mbele ya kioo. Fundi akamtazama yule bwana, akajitazama na yeye. Sijui ni kitu gani hutupata nyakati kama zile. Mtu analisha watoto wake kwa kazi ya halali, na akiulizwa anaona haya kuitaja.

"Ofisini," akajibu. "Kazi zangu ni za ofisini."

 Mama akairudisha ile saa ya raba kabatini, akatoa ya chuma, mkanda wa chuma, inametameta. "Basi hii itakufaa," akasema. Yule bwana wa suti akaisifu, na fundi akatoka mle ndani kifua mbele.

Mafundi umeme wana desturi yao. Kabla ya kufungua sanduku la swichi, vua kila chuma mwilini: pete, bangili, saa. Fundi wetu aliijua desturi hiyo kuliko jina la baba mkwe wake, na mwanzoni aliifuata. Kila kazi anavua, anatia mfukoni, akimaliza anavaa. Kisha akachoka. Nani kati yetu hajawahi kuchoka kujilinda?

Siku moja akaitwa kwenye mashine ya kusaga. Kinamama wamepanga foleni na mahindi yao, watoto nyumbani wanangoja uji. Mwenye mashine akamsihi, "Fundi, usituzimie umeme. Ni skrubu moja tu hiyo ya kukaza." Akakubali, akaingiza mkono kwenye sanduku la swichi na saa yake. Mkanda ukagusa penye umeme upande huu, na bati la sanduku upande ule. Ikapiga shoti. Chuma kikawa chekundu kama kimetoka kwa mhunzi, nacho kimemfunga mkononi, hakifunguki. Walikikata kwa koleo lake mwenyewe.

Hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini vidole vya mkono ule havikunjiki tena. Akishika bisibisi inamponyoka, na mkono ule ndio uliokuwa shamba lake. Moyo ukamjaa uchungu, na uchungu ukatafuta mtu wa kumwangukia. Akaenda dukani kwa yule mama, bandeji mkononi.

"Mama, uliniuzia balaa," akasema.

Najua mnavyowaza. Mnasema moyoni, sasa huyu atajibiwa: si ulidanganya mwenyewe? Mama angeweza kusema hivyo, na angekuwa na haki. Lakini alipouona ule mkono alikaa chini, akalia.

"Baba, nilijua," akasema. "Ulipoingia tu nilijua wewe ni fundi. Bisibisi ilikuwa inachungulia mfukoni mwako. Ile ya raba nilikutolea wewe."

"Ulijua, ukaninyamazia?"

"Niliona vibaya kukuumbua mbele ya yule bwana. Nikasema, mtu mzima nimsitiri."

Fundi akautazama mkono wake. Hasira ilikuwa imemwisha, kimebaki kilio. "Ungeniumbua tu, mama," akasema. "Ile aibu ingekwisha jioni ile ile."

Wapendwa, fundi alikosea, na alilipa. Mimi namtazama yule mama. Hakuwa mwovu. Alikuwa na adabu, kama sisi. Sisi tunaostahiana mpaka tunazikana. Tunamwona binti anaolewa na mtu mwenye mkono mwepesi wa kupiga, tunachangia harusi, tunapiga vigelegele. Tunamwona ndugu anaingia kwenye pombe taratibu, tunamwambia amependeza. Halafu msibani tunaketi kwenye mkeka, tunanong'onezana, "Sisi tuliona mapema." Mliona mapema, mkamwambia nani?

Sisemi mkaumbuane barabarani. Mama yule angeweza kungoja bwana wa suti atoke. Angeweza kuinama na kusema kwa sauti ndogo. Kusitiri aibu ya mtu ni jambo jema, lakini kusitiri moto unaomwendea si huruma. Ni woga tu uliovaa kanzu ya heshima, na Mungu anaujua hata ukivaa nini.

Nilipokuwa nasema, kuna sura ya mtu imewajia. Msiifukuze. Tukitoka hapa leo, msije kunipa mkono mimi mlangoni. Nendeni kwake, mvuteni pembeni, mkamwambie mlichokiona, hata akiwakasirikia, maadamu vidole vyake bado vinakunjika.