Mji Uliokataa Majani

Sogeeni huku jikoni! Mmesogea? Masikio mmeyafungua? Haya. Wewe Kanankira, rudisha hiyo sahani hapa, usidhani sijakuona ukisukumia mchicha pembeni. Kaa nayo mapajani, mimi na wewe tutaonana kisa kikiisha.

Zamani, zamani za zamani, mlima ukiwa bado kilima na mawe yakiwa bado laini, palikuwa na mji mmoja huko milima ya Upare. Watu wake walikuwa wachapakazi, lakini majivuno! Jumbe wao aliitwa Senkondo. Siku moja Senkondo alialikwa arusini kwa wakubwa wa tambarare. Akala nyama, akala ugali. Akala nyama tena, akala ugali tena. Jani hakuliona. Akarudi kifua mbele.

"Jamani, kumbe sisi washamba!" akawaambia watu wake. "Wakubwa hawali majani. Majani ni ya mbuzi. Kuanzia leo, atakayepika mboga za majani, tumlilie kama mbuzi!"

Mnacheka? Nao walicheka hivyo hivyo. Mama akionekana na kikapu cha mchicha, mji mzima: meee! Mtoto akitaja matembele, wenzake: meee! Hebu lieni nanyi. Meee! Haya, inatosha, msije mkawaamsha mbuzi wa kweli.

Basi kila nyumba ikawa ugali na mchuzi wa nyama kavu, ugali na mchuzi wa nyama kavu. Matembele yakazeeka shambani. Majani ya maboga yakaliwa na wadudu. Watu wakajiona wamekuwa wakubwa kweli kweli.

Sasa, katika mji huo alikuwepo msichana aitwaye Namkunda, na mdogo wake Kiondo. Namkunda alimpenda mdogo wake huyo, acha tu! Alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea. Mvua zikaja, mvua zikapita, na Namkunda akaanza kuona jambo. Mchana Kiondo alicheza vizuri. Jua likishazama tu, alinyoosha mikono mbele na kupapasa ukuta.

"Kiondo, unatafuta nini?"

"Mlango, dada. Nani ameuondoa?"

Mlango ulikuwa mbele ya pua yake, wanangu.

Hakuwa peke yake. Watoto wengi wa mji ule walianza kufungwa macho kila magharibi. Michezo ya jioni ikafa. Wazee wakasema ni mizimu imekasirika, wakachinja mbuzi. Macho yakaendelea kufungwa. Wakachinja mwingine. Wapi!

Jioni moja Kiondo alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ya ndiva, lile bwawa la kukingia maji ya mifereji. Hakuliona. Chubwi! Namkunda alikuwa nyuma yake akiswaga mbuzi, akatupa fimbo, akajitosa, akamvuta mdogo wake kwa nywele. Wakalala ukingoni wakitweta, na Kiondo akawa analia, "Dada, nitakuwa kipofu? Dada, niambie."

Namkunda akamkumbatia. Akageuka kuwatazama mbuzi. Giza lilikuwa linaingia, lakini mbuzi walikuwa wakiruka jiwe hadi jiwe ukingoni mwa ndiva, hata mmoja hakujikwaa.

Alipofika nyumbani, maji yakimchuruzika, akamuuliza mama yake, "Mama, mbuzi wetu wanakula nini?"

"Swali gani hilo? Majani."

"Na wanaona?"

Mama alikuwa anamvua Kiondo nguo zilizolowa. "Namkunda, mwanangu, nimekuelewa. Lakini nikipika majani hapa, kesho nitapita wapi? Nitachekwa mpaka na watoto!"

"Watakucheka, mama. Lakini leo nimemtoa majini. Kesho kama sipo?"

Mama alimtazama Kiondo akitetemeka pale jikoni, akaona aibu kwa kile alichokisema. "Kachume," akasema.

Kesho yake Namkunda akaingia shambani mchana kweupe. Akachuma majani ya maboga, akachuma mchicha, akachuma matembele. Watoto wakamfuata. Meee! Akina mama wakatoka milangoni. Meee! Machozi yalimlengalenga, lakini hakukificha kikapu chake. Mama akayaosha, akayakatakata, akayaunga kwa karanga za kutwanga. Harufu yake, nyie! Mate yamenijaa.

Kiondo akakunja uso. "Mimi si mbuzi."

"Si mbuzi, ni mdogo wangu," Namkunda akasema. "Tule wote."

Akala tonge la kwanza kwa shingo upande. La pili akalitaka mwenyewe. Wakala kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku ya Mungu, huku mji ukilia mlangoni pao kama zizi. Macho yakabaki vile vile. Mama akaanza kukata tamaa. Namkunda akazidi kuchuma.

Hata jioni moja, jua limeshazama, wamekaa uani, Kiondo akamwambia dada yake, "Mbona nguo yako imechanika begani?"

Namkunda akashika bega. Kweli, imechanika.

"Umeiona?"

"Si ile pale!"

Mama aliangusha mwiko. Akacheka, akalia, akamkumbatia huyu, akamkumbatia yule. Kiondo akatoka mbio nje, akawa anakimbia peke yake kiwanjani, anaruka, anapiga kelele, wakati wenzake wote wamefungiwa ndani.

Kelele zile zilimfikia Jumbe Senkondo. Akaja taratibu, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Mtoto akajigonga kwenye mwimo wa mlango. Mama yake Namkunda angeweza kumfukuza yule mzee, na mimi ningemfukuza, nisiwadanganye. Yeye alimtazama mtoto, akasogeza kigoda. "Karibu, mwanangu. Kuna mboga."

Senkondo akabaki amesimama, kofia mkononi. "Mama Namkunda, nilikula siku moja kwa watu, nikaja kuwanyima watoto wangu macho." "Nipakulie na mimi. Lakini si humu ndani. Niwekee pale nje, watu wanione."

Akala pale nje, tonge baada ya tonge, mji mzima ukimtazama. Hakuna aliyefungua mdomo kumcheka. Na asubuhi, wanangu, ukitafuta mama nyumbani humpati. Wote walikuwa shambani.

Basi shikeni hili: chakula hakina cheo. Ugali peke yake haumkuzi mtoto, na nyama peke yake haimlindi. Upe mwili wako mboga na matunda, wala usiangalie nani anacheka.

Kisa nimekipika, nimekipakua, chungu kimebaki kitupu. Aliyeshiba anawe mikono. Na wewe Kanankira, hebu tuione hiyo sahani.