Mbio za Kijiti Njia ya Bwawani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati kuku bado wanaishi porini na hawajaonja mtama wa mtu, wanyama walikuwa na kijiji chao, na kijiji kilikuwa na njia moja tu ya kwenda bwawani.

Njia yenyewe ilianza kwenye uwanda, ikakata tope, kisha ikaingia kwenye kichaka cha miiba. Humo ilibana hivi! Mnyama mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kupishana, mpaka majini.

Njia ya watu wengi haiendi bila mila. Mila ya ile ilikuwa fupi: asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Na pale inapobana, unasema "Hodi njia!", unangoja mwenye mzigo autue apumzike, ndipo unapita. Basi. Hata mtoto aliijua.

Asubuhi moja Nguchiro alikuwa anakwenda kuteka maji. Mnyama mdogo huyo, mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi wa miguu, ingawa miguu yenyewe ilikuwa mitatu, wa nne uliliwa na mtego. Akasikia, "Kha! Kha!" pembeni mwa njia. Kutazama, Bi Kobe huyo, tumbo juu, miguu inapiga hewa.

"Bi Kobe! Kulikoni?"

"Nyati, mwanangu. Alikuwa na haraka. Nikamwambia ngoja nisogee. Hakungoja. Akanipiga teke, pu!"

"Leo hii?"

"Jana asubuhi."

"Jana! Na maji umekunywa wapi?"

"Nimelamba umande," akasema Bi Kobe, kama anayeomba radhi.

Nguchiro akamgeuza, krrrk! Kisha hakwenda bwawani tena. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Nyati, akamkuta barazani anacheua na marafiki zake, Swala na Punda Milia. Hata hodi hakupiga.

"Wewe Nyati! Umempiga teke mama wa watu ukamwacha juani!"

"Punguza sauti," Nyati akasema. "Njia ni ya wenye mbio. Tumekwisha kata shauri. Mwezi ukiandama, kila kiwete na kila kigugumizi wa miguu atapita njia ya kuzunguka mlima."

"Kuzunguka mlima! Kwa Bi Kobe hizo ni siku nne! Atafika bwawani gamba tupu!"

"Basi aanze safari mapema," akasema Swala, na wote watatu wakacheka.

"Kama una ubishi," Punda Milia akadakia, "si tushindane? Mbio za kijiti. Watatu kwa watatu, kutoka kijijini mpaka majini, kila mmoja na kipande chake. Mkishinda, njia inabaki ya wote. Mkishindwa, mlima huo!"

"Tushindane!" Nguchiro akasema.

Alipofika njiani ndipo akili ilipomfikia. Lo! Mdomo ulikuwa umekwisha kukimbia, na miguu mitatu imebaki nyuma.

Akamtafuta Korongo, aliyezaliwa na mguu mmoja na bawa lisiloruka. "Utakimbia?"

"Kukimbia siwezi," Korongo akasema. "Kuruka-ruka naweza. Kipande gani?"

"Cha tope."

"Aa! Topeni ndiko nyumbani."

Bi Kobe ndiye aliyekataa. "Mwanangu, mimi nitawaangusha. Niacheni nizunguke mlima, nikifa nimekufa."

"Hufi!" Nguchiro akafoka, halafu akaona haya, maana anafokea mtu mzima. "Samahani, mama. Twende kwanza ukanywe."

Wakaenda, Bi Kobe mbele, Nguchiro nyuma na kibuyu kitupu. Walipoingia kwenye miiba, Nguchiro akasema kwa mazoea, "Hodi njia!" Akangoja. Wakaenda. Akangoja. Wakaenda tena. Mara akasimama, akalitazama lile gamba mbele yake, akaanza kucheka, "Kwi! Kwi! Kwi!"

"Unacheka nini?"

"Bi Kobe, utakimbia kipande hiki hiki. Wala usikimbie. Tembea tu kama unavyotembea."

Siku ya baraza la kupanga mbio kijiji kizima kilikuja. Mwamuzi alikuwa Kanga, maana anaona mbali na hana ndugu kwenye ugomvi.

"Wanyonge watangulizwe hatua ngapi?" Kanga akauliza.

"Wape mia!" Nyati akasema. "Wape mia mbili! Wape na mto wa kulalia!"

"Hatukuja kuomba sadaka!" Nguchiro akaruka. "Nina mguu mmoja pungufu. Nimeupima: unanipunguzia hatua arobaini. Nataka arobaini zangu, ya arobaini na moja sitaki."

"Chukua arobaini."

"La pili. Njia ni ya watu, haifungwi kwa sababu ya mbio. Wapitaji wapite, na mila yake ibaki: mwenye mzigo apishwe. Anayevunja anarudi kutengeneza alichoharibu. Nyati, unakubali?"

"Ibaki, ibaki!" Nyati akajibu, mkia unafukuza nzi.

"La tatu, nalisema mbele ya watu ili mtu asije akasema alifichwa. Kipande cha miiba ni cha Bi Kobe, na atakwenda na mzigo wake mgongoni. Umesikia?"

"Hata akibeba mlima wenyewe! Kipande hicho ni changu, nitamngoja majini."

"Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia, kijitu wewe!"

Hakuna kilichofichwa hapo, wanangu. Nyati aliambiwa kila kitu. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kubeba hata kuni moja, na kila mtu alimpisha kwa kuogopa pembe. Kwake mila ile ilikuwa maneno ya wengine.

Siku ikafika. Kanga akapiga, "Kekereke! Kekereke!"

Nguchiro akatoka na kijiti mdomoni, tiki-tiki-ti, tiki-tiki-ti! Alipomaliza hatua arobaini, Swala akaachiwa. Vuu! Vumbi tupu!

Katikati ya uwanda wakakutana na akina mama Nungunungu wanarudi na mizigo ya kuni vichwani. Nguchiro akakaa kando.

"Poleni na kuni, mama zangu!"

"Tumekwisha poa, baba. Kimbia salama!"

Akawangoja wote saba, huku Swala anasikika nyuma, papapapa! Swala hakungoja mtu. Akaruka juu ya vichwa, kwato ikakwaruza mzigo wa mwisho. Kacha! Kuni chini.

"Swala!" Kanga akapiga kelele. "Rudi! Zifunge, umtwike!"

"Mimi nifunge kuni?"

"Nani mwingine aliyezimwaga?"

Swala akarudi. Na kufunga kuni hajui! Akifunga huku zinachomoka kule. Akina mama wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ilibidi mwenye kuni amwelekeze, na hata hivyo alipomaliza alimfikia Nguchiro mwishoni kabisa, wakakabidhi vijiti karibu pamoja.

Korongo akaingia topeni, top! top! top! Mguu mmoja unaingia, unatoka. Punda Milia ana miguu minne, na yote minne ikazama. Chubwi! Akichomoa miwili, miwili mingine inashuka. Korongo akatangulia mbali. Lakini Punda Milia ana nguvu, msidharau. Akapata ardhi ngumu pembeni, akajitupa, akaja kwa kishindo. Korongo akageuka kutazama, akateleza, puu! kifudifudi.

"Inuka!" Nguchiro akalia. "Korongo, inuka!"

Korongo akainuka, tope mpaka machoni, akaruka mara ya mwisho na kukisukuma kijiti mdomoni mwa Bi Kobe. Nyuma yake Nyati naye akapokea chake, akavuta pumzi, akainamisha kichwa, akaja!

Bi Kobe akaingiza kichwa kwenye uchochoro. Akaingiza mguu. Akaingiza mguu wa pili.

KONG! Pua ya Nyati ikagonga gamba.

"Toka!" Nyati akanguruma.

"Mwanangu," Bi Kobe akasema polepole, kijiti pembeni mwa mdomo, "mwenye mzigo anapigiwa hodi."

Nyati akatazama kushoto: miiba. Kulia: miiba. Akameza mate. "Hodi njia!"

"Nimekusikia. Nikitua, utapita."

"Basi tua!"

"Nitue vipi? Nimezaliwa nao."

Kijiji kikalipuka kwa kicheko. Nyati akapaza sauti, "Kanga! Nyumba si mzigo!"

"Njoo uibebe wewe mpaka bwawani," Kanga akajibu kutoka juu ya kichaka, "kisha utuambie."

Hapo Nyati akainua kwato. Nguchiro alikuwa amejipenyeza chini ya miiba, hatua mbili tu kutoka kwao. Teke moja, na Bi Kobe atakuwa tumbo juu tena, na yeye ndiye aliyemleta hapa.

"Piga," Nguchiro akasema kwa sauti ndogo. "Leo wote tunatazama."

Kwato ikakaa hewani. Ikashuka, taratibu, ikakanyaga chini.

Wakaenda basi. Hatua. Pumzi. Hatua. Jua likapanda. Nyati hajapata kutembea vile maisha yake yote, na nzi wote wa kijiji walikuwa pale.

Kufika katikati, tawi limeanguka, limelala njiani. Kwenu ninyi ni kitu cha kuruka tu. Bi Kobe akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Nguchiro akanyoosha mkono.

"Asiye na kijiti haruhusiwi kumsaidia mwenye kijiti," Kanga akasema, kwa huzuni lakini akasema.

Bi Kobe akatulia, anahema. Nyati nyuma yake anahema. Akisaidia, ameshindwa. Asiposaidia, watalala hapo wote wawili, na maji yananukia.

Nyati akamtazama Bi Kobe anapanda mara ya tano. Miguu ile mifupi ilikuwa inatetemeka.

"Mama yangu wee," akasema mwisho, na sauti haikuwa ile ya barazani. "Ngoja." Akapitisha pembe juu ya gamba, taratibu asimguse, akalinyanyua tawi na kulitupa miibani, fyaa! "Pita, mama. Pita basi."

"Ahsante, mwanangu."

Jua lilikuwa limesimama utosini Bi Kobe alipotoa kichwa upande wa bwawa. Akakiweka kijiti chini, akaingiza mdomo majini, akanywa. Wote walikuwa wanamtazama akinywa. Kisha Korongo akapiga yowe, na kijiji kizima kikapokea. Nguchiro alitaka kuongeza neno la kumchoma Nyati, maana alilitayarisha tangu asubuhi. Akaliacha.

Nyati alikuwa bado kwenye mdomo wa uchochoro, ulimi nje.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mwanangu," Bi Kobe akasema, akisogea kidogo. "Bwawa kubwa."

Hakuna aliyezunguka mlima tena, na hadithi yetu, wanangu, imefika majini: njia ya wote haiulizi nani ana mbio, inauliza nani amebeba.