Binti Aliyekataa Cheti cha Kifo

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja kule Mbeya, tumwite Tusekile, aliyefaulu kidato cha sita akachaguliwa kusomea uuguzi chuo kikuu. Ada hawakuwa nayo. Mama yake aliuza viazi vya kukaanga, na baba alikuwa ameondoka miaka tisa nyuma kwenda machimbo ya dhahabu, asirudi wala kutuma salamu. Njia ilibaki moja tu: kuomba mkopo wa serikali.

Fomu ilitaka sahihi ya baba na nakala ya kitambulisho chake. Zilibaki siku tano. Bwana mmoja aliyekuwa akiwajazia watu fomu dukani kwake alimshauri asijisumbue. Alisema cheti cha kifo cha baba angemtafutia yeye mwenyewe, maana yatima hufikiriwa kwanza, na wenzake wawili walishafanya hivyo asubuhi ile. Binti akaenda kumwuliza mama. Mama hakuacha hata kumenya viazi.

"Andika amekufa," alisema. "Kwangu mimi alikufa zamani."

Je, wewe ungefanya nini? Usijibu haraka kwa kuwa uko kanisani. Chuo kinakusubiri, na baba mwenyewe hajawahi kukununulia hata daftari!

Tusekile akaichukua fomu, akapanda basi. Siku mbili alizunguka machimboni, shimo kwa shimo, akitaja jina la baba yake kwa watu waliojaa vumbi. Wengine walimcheka. Mmoja alimwonya arudi kwao kabla hajapatwa na mabaya. Hakurudi. Siku ya tatu akamkuta anaponda mawe, amekonda, meno mawili hayapo. Mzee alimtambua, akatazama chini. Alipoelezwa shida, aliisoma ile fomu polepole, kisha akauliza:

"Mwanangu, kwa nini hukuandika kwamba nimekufa? Ungekuwa umeshamaliza."

"Baba, nikikuzika kwenye karatasi, siku nikikuhitaji nitakufufuaje?"

Mzee akaomba kalamu. Akasaini, kisha akampa na kitambulisho chake akatoe nakala.

Maombi yalifika siku ya mwisho. Msidhani nitasema alipewa kila kitu. Wale wenzake walipata mkopo wote. Yeye alipata nusu, na mwaka wa kwanza alifua nguo za watu ili ale. Lakini kabla chuo hakijafunguliwa, baba yake alikuja akasimama mlangoni kwa mkewe, mikono mitupu, akaomba msamaha. Mama alimwacha amesimama mpaka jua likawa kali. Kisha akamtolea kigoda.

Ndugu zangu, mlidhani nazungumzia mikopo ya chuo? Nazungumzia sisi. Ni vyeti vingapi vya kifo tumeviandika kwa mikono yetu? Kaka tuliyegombana naye kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Binti tuliyemfukuza akiwa na mimba. Tunaulizwa habari zake, tunajibu, "Huyo kwetu hayupo," na huku anapumua. Tunamzika mtu kwa sababu kumtafuta ni kazi, na kumzika kuna faida. Mungu angetufanyia hivyo sisi, nani angekuwa amekaa hapa leo?

Basi leo sihitaji amina yenu. Ukitoka hapa, mtafute mmoja. Ukimkuta, usianze na makosa yake. Mwambie: kwetu bado uko hai.