Waya Uliolala Jikoni kwa Mama Sifuni

"Waya usiopita umeme ni kamba tu." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo mjomba wenu asubuhi hii, alipojisifu kwamba ametunza picha zote za wanawe, na huu ni mwaka wa tatu hajawatia machoni. Mkacheka, kisha mkaniuliza wazee waliitoa wapi methali ya nyaya, maana zamani hizo nyaya hazikuwapo. Basi kaeni. Si ya zamani mnayodhani ninyi. Ilizaliwa huku huku Upareni, nyumbani kwa fundi seremala, na chanzo chake ni hiki.

Eliamini alikuwa fundi wa mikono ya kusifiwa na maneno ya kuhesabika. Nyumba yake ilikuwa mlimani, karakana yake ilikuwa bondeni, mjini Same, katika chumba cha kupanga, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na umeme wa kuendesha mashine ya randa. Alishuka kila Jumatatu alfajiri, akapanda Jumamosi jioni. Mkewe Nakijwa, aliyemwita Mama Sifuni kwa jina la binti yao, alibaki na ng'ombe wawili na shamba la migomba. Wiki ina siku saba. Wao waliishi pamoja moja na nusu. Walikwenda hivyo miaka ishirini na sita.

Huko bondeni Eliamini alimkumbuka mkewe kwa namna ambayo wanaume wa rika lake hawaisemi. Akipiga msasa alijikuta anamsimulia kimoyomoyo, nani amekuja, nani amechekesha, ubao gani umepasuka. Jumamosi ikifika nusu ya habari ameshazisahau, na nusu nyingine usingizi unamwahi. Jumatatu akiteremka njiani ndipo zilipomrudia zote. Iliuma, wala hakuna aliyemwambia kwamba na Nakijwa naye alikuwa na zake.

Umeme ulipofika kijijini alifurahi kupita kiasi. Alimwita fundi, akamtaka alaze waya mzito kutoka kwenye sakiti breka, ile swichi inayojizima umeme ukizidi, hadi jikoni, wenye njia yake peke yake.

"Namnunulia Mama Sifuni jiko la umeme," alisema, "aachane na moshi."

Waya ukalazwa, jiko halikuja. Mwaka ule kulikuwa na ada, uliofuata paa likaezuliwa na upepo, halafu harusi ya Sifuni. Na karakana nayo haikupanda mlima, kwa kuwa wateja walizoea mlango ule wa mjini. Kila mwaka Eliamini alisema, mwakani nahamia nyumbani. Mwakani haina miguu, wanangu. Miaka kumi na minne ikapita.

Kisha mwenye nyumba kule mjini akauza jengo. Eliamini akapakia mashine yake na kupanda nayo. Wiki hiyo hiyo rafiki yake aliyekuwa Arusha akampigia simu: kuna nafasi katika karakana yetu, nipe jibu Ijumaa. Arusha maana yake ni kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kama mwezi wenyewe umekuwa mwema. Eliamini hakuitaka Arusha. Alitaka kufanya kazi mahali ambapo akikohoa mkewe atamsikia. Alilisafisha banda la zamani la mbuzi nyuma ya jiko, akaliezeka bati jipya, akaweka mashine katikati. Kilichobaki ni umeme.

Jumanne akavuta waya kutoka kwenye taa ya sebuleni, akaupitisha dirishani hadi bandani. Akawasha. Mashine ikaguna, taa ya sebuleni ikafifia ikawa nyekundu, breka ikaanguka. Akaipandisha. Ikaanguka. Mara ya tatu ilikubali kidogo, lakini harufu ya plastiki inayoungua ikajaa nyumba nzima, na ukuta ulipoguswa ulikuwa wa moto. Eliamini akazima, akakaa juu ya mbao zake. Jioni hiyo alianza kupanga nguo kwenye begi, polepole, akijifanya anatafuta soksi. Nakijwa aliliona begi, akaenda kuchochea kuni.

Alhamisi akaja fundi umeme, binti mmoja mchapakazi aitwaye Nietiwe. Alikagua kila kitu, akatikisa kichwa.

"Shikamoo tena, baba," alisema, "maana nyumba hii Mungu ameinusuru. Waya wa taa huu, unauvutishaje mashine? Ungeungua na godoro lako."

"Basi hakuna njia," alisema Eliamini. "Waya mpya mzito siuwezi mwezi huu. Nitakwenda Arusha."

"Waya mpya wa nini? Jikoni kuna waya mzito, una breka yake iliyozimwa, haufanyi kazi yoyote. Na ukuta wa jiko umepakana na banda. Nitoboe hapa, niupime, niurefushe hatua sita, niweke breka ya kufaa mashine na waya wa ethi wa kukukinga usipigwe na umeme. Saa sita mchana unaranda."

Eliamini akainama. "Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Niliuweka kwa ajili ya jiko la Mama Sifuni. Ahadi ni deni, mwanangu. Nikiukata huo, nitakuwa nimesema jiko haliji tena."

Nakijwa alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na siku hiyo pia hakuipaza.

"Baba Sifuni, njoo jikoni uone."

Wakaingia. Ncha ya waya ilikuwa imetoka ukutani kama urefu wa mtu, imefungwa kwenye msumari upande wa pili, na juu yake yalining'inia matambara ya jikoni matatu na kanga moja mbichi.

"Umeona ahadi yako? Miaka kumi na minne naianikia matambara. Waya usiopita umeme ni kamba tu."

"Mama Sifuni, nilitaka usipate moshi."

"Moshi nimeuzoea. Kuni nimezizoea. Kula peke yangu sikuzoea." Akayatoa matambara moja moja, akayaweka begani. "Uliulaza kwa ajili yangu, sivyo? Basi huo waya uniletee wewe."

Eliamini aliyatazama matambara begani mwa mkewe. Akamgeukia Nietiwe. "Toboa," alisema.

Binti akazima umeme wote kwanza, akatoboa, akapima, akaunganisha. Saa sita na kitu akamwambia, "Washa, baba." Taa ya sebuleni haikutikisika. Mashine ikaimba, maranda ya kwanza yakaruka na kumjaa Eliamini mpaka kwenye nyusi. Akaranda ubao mmoja, akauzima mtambo, akampigia rafiki yake wa Arusha kumwambia asimngoje.

Nietiwe alipokwisha kuondoka, Nakijwa alikuja bandani na chakula cha mchana. Hatua sita tu. Akakiweka juu ya meza ya kazi, akafunua, akasimama akikitazama.

Ulikuwa ugali wa mtu mmoja. Kisufuria cha mboga cha mtu mmoja. Tangu apande na mashine Eliamini alikuwa akila jioni tu, na mchana wa siku za kazi mikono ya Nakijwa ilikuwa haijui kupika vingine.

"Nimesahau kwamba upo," alisema. Akacheka, na kicheko kikamwishia kwenye machozi.

Eliamini akapangusa maranda kwenye benchi, akamkalisha, akaukata ugali ule vipande viwili. Walikula pamoja Alhamisi mchana, kwa mara ya kwanza tangu waoane, wala hawakushiba.

Ndiyo hivyo. Mwiteni mjomba wenu kabla hajaondoka, mwambieni nauli ya kwenda kwa wanawe ipo. Waya usiopita umeme ni kamba tu.