Shemsa na Sheria ya Mkono kwa Mkono

Alitawala katika mji wa Jauharia sultani aliyeitwa Mundhiri bin Ghalibu, na himaya yake ilikuwa miji saba iliyofungamana, na kila mji ulikuwa na liwali wake na soko lake na kiburi chake, lakini sheria ya kodi ilikuwa moja kwa yote saba, nayo ilitoka kwenye kasri la Jauharia. Na kidoleni mwa Sultani palikuwa na pete ya muhuri, na ndani ya pete alifungwa jini aitwaye Dahnuni, ambaye neno lolote lililopigwa muhuri ule alilazimika kulitimiza kama lilivyoandikwa, bila kupunguza wala kuongeza.

Tangu zama za babu yake Sultani, bidhaa ilitozwa mara moja tu, siku ilipouzwa sokoni ikiwa imekamilika, fungu moja katika kumi. Hata siku moja Waziri Shakiki akainama mbele ya kiti cha enzi, akasema, "Ewe bwana wangu, uliyetukuka katika miji saba, hazina yako ina kiu. Ruhusu sheria mpya: kila kitu kitakachotoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine, kitozwe fungu la kumi, na mtu yeyote atakayeona na ashuhudie, na jini alitoze papo hapo." Na lile "mtu yeyote" Waziri alilitia makusudi, ili jirani amchongee jirani. Sultani akapiga muhuri, na alikuwa hajamaliza kunywa kahawa yake.

Basi katika mtaa wa Darajani alikaa binti mmoja, Shemsa binti Dhahiri, mdarizi wa kofia. Na kofia za mtaa ule hazikuwa kazi ya mtu mmoja, bali ya wanawake watano. Mmoja alikata kitambaa, wa pili akachora maua, wa tatu akatoboa vitundu, Shemsa akadarizi kwa uzi wa hariri, na Bi Mize, mwanamke mtu mzima mwenye ulimi mkali, akafua na kutia wanga. Kila mmoja alifanya kazi barazani kwake, mlango wazi, na kofia ilitembea baraza hadi baraza huku wapita njia wakiitazama ikikua.

Wiki ile ile watoza kodi wakajaa mtaani. Mkataji alipompa mchoraji kitambaa, mtoza kodi akapaza sauti, "Mkono kwa mkono, na mimi ni shahidi!" na hapo Dahnuni akatoka hewani, mrefu kama mnazi na mwenye uso wa huzuni, akakata fungu la kumi la kitambaa na kutoweka. Mchoraji alipompa mtoboaji, jini akaja. Mtoboaji alipompa Shemsa, jini akaja. Na kila iliporudishwa kushonwa upya ukingo uliokatwa, jini akaja tena, hata kofia ilipofika kwa Bi Mize ilikuwa haimtoshi hata mtoto mchanga.

"Hii nimtilie wanga nani?" Bi Mize akauliza, akiivika kwenye kidole gumba. "Labda paka wa kadhi."

Lakini Tajiri Burhani, muuza kofia wa miji saba, yeye hakukatwa kitu. Alikuwa na nyumba ya ghorofa tatu yenye lango la makomeo, na humo aliweka wanawake sitini, na kofia zilipita mikono kumi, ila mlango umefungwa na hakuna shahidi. Kofia zake zikawa kubwa na rahisi, na za Darajani zikakosa mnunuzi.

Siku ya Alhamisi Burhani akaja barazani kwa Shemsa, akiwa na harufu ya udi. "Binti yangu," akasema, "kofia zenu hazinunuliwi na mna deni la hariri, na kesho kutwa sindano zenu zitachukuliwa. Njooni kwangu nyote watano. Mtakula, mtalala, mtashona."

"Na tutatoka lini?"

"Mtoke mwende wapi? Nje kuna kodi."

Shemsa akamtazama, kisha akauma uzi, akakata. "Nyumba yako ni nzuri, Tajiri. Kaa nayo." Na Burhani alipokwisha kuondoka, Shemsa akaiweka sindano chini, kwani alijua kwamba wakinyang'anywa sindano, hakuna mlango mwingine uliobaki ila ule wenye makomeo.

"Unafikiri nini, mwanangu?" Bi Mize akauliza.

"Nafikiri, bibi, ni nani mwingine ambaye mlango wake huachwa wazi, akaonekana na kushuhudiwa kama sisi."

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa siku ya baraza la malalamiko, ambapo mlango wa kasri huachwa wazi kwa raia. Shemsa akaingia na wenzake wanne, akapiga goti, akanyanyuka bila kuambiwa.

"Sema haja yako," akasema Sultani.

"Haja yangu, ewe bwana wa miji saba, ni kuitii sheria yako."

Wakati huo mpishi alikuwa akimpa mtumishi buli la kahawa. Shemsa akasema kwa sauti ya wazi, "Mkono kwa mkono, na mimi ni shahidi!" Na Dahnuni akatokea katikati ya zulia, akameza fungu la kumi la kahawa. Mtumishi akammiminia Sultani. "Mkono kwa mkono, na mimi ni shahidi!" Jini akauma kipande cha kikombe, na kahawa ikamwagikia ndevu za Sultani.

"Mshikeni!" akapiga kelele Waziri.

"Kwa kosa gani?" Shemsa akauliza. "Sheria imesema mtu yeyote. Au mimi si mtu?"

Mtumishi akamletea Sultani kilemba kikavu, na Shemsa akashuhudia, na jini akararua fungu lake, na kilemba kikabaki na ncha nyembamba kama mkia wa mjusi. Bi Mize akacheka mpaka akashika ukuta. Waziri akaamuru hazina iliyokuwa mbele ya kiti cha enzi ipelekwe ndani upesi, na kasha la fedha likatoka kwa Waziri kwenda kwa mtunza hazina, na Shemsa akashuhudia. Jini akatoa fungu la kumi, na alipomkabidhi mtunza hazina fungu lile, Shemsa akashuhudia tena, maana mkono wa jini nao ni mkono. Akatoza alichotoza, akakabidhi, akatozwa, akazunguka kama pia, hata akaanguka kifudifudi kwenye zulia, dirhamu zikimtiririka vidoleni.

"Bibi," akalia Dahnuni, "nimebeba milima kwa wafalme waliooza zamani, na hakuna aliyenichosha hivi. Nyamaza, nakusihi."

"Mwombe aliyepiga muhuri," akasema Shemsa. "Mimi nitanyamaza sheria yake ikinyamaza. Na akitaka tuendelee, twende kwa Burhani, tukafungue lango, nikashuhudie huko pia."

Sultani akajifuta ndevu, akamtazama Waziri, kisha akaifuta sheria ile kwa wino wake mwenyewe na kupiga muhuri juu yake. Akaamuru kodi irudi kuwa moja, siku ya mauzo, kwa mwenye baraza na mwenye ghorofa sawasawa, na makomeo ya Burhani yang'olewe siku hiyo hiyo. Na kile kilichotozwa kikarudishwa mara mbili, na wanawake sitini wakatoka juani wakikinga macho, na sita miongoni mwao wakaolewa mwezi ule na wachumba waliowasubiri nje ya lango.

Kisha Sultani akasema, "Ewe Shemsa, akili kama yako inastahili kasri. Niruhusu nikuoe."

"Nikiwa mkeo, bwana, nitatoka asubuhi kwenda kukaa barazani na wenzangu?"

"Desturi ya kasri hairuhusu."

"Basi unanipa nyumba ya Burhani yenye mazulia mazuri zaidi. La, bwana wangu."

Na Sultani, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa hajaambiwa la, akainamisha kichwa na kumwuliza ataka nini badala yake. Shemsa akamwambia. Hivyo ndivyo ilivyokuja kuwa, katika himaya ile, kwamba anayetunga kodi huionja kwanza yeye katika sahani yake, na kwamba sheria haipigwi muhuri kabla haijasomwa hadharani mtaani Darajani. Waziri Shakiki ndiye msomaji. Husimama juani na karatasi yake, na wanawake watano huendelea na kazi, na Shemsa humwambia, bila kuinua macho kwenye hariri yake:

"Hapo juu, Waziri. Rudia. Polepole."